Vidudu kutoka pwani ya Dar: spishi tatu mpya, au moja yenye sura tatu?

SWALI: Jambo sana, Prof. Mimi ni mwanafunzi wa biolojia hapa Lubumbashi. Kaka yangu ni dereva wa kamyo, anapita Kasumbalesa kwenda Dar es Salaam na kurudi. Safari moja aliniletea chupa ya vidudu alivyookota chini ya mawe karibu na bandari, maji yalipokupwa. Ni bapa, vina milimita 6 hivi, na kaka anasema vikiwa hai ukivigusa vinajikunja. Nimeviangalia kwenye hadubini ya labo, nikatenga mafungu matatu: vyenye pembe nyuma, vyenye mgongo laini, na vidogo sana vyenye jozi 6 za miguu badala ya 7. Kwenye intaneti sijaona picha inayofanana navyo. Je, nina spishi tatu mpya? Nifanye nini ili nizipe majina?

JIBU: Jambo sana, ndugu yangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, mimi naona spishi moja, na kama ni mpya bado hatujui. Lakini umefanya jambo ambalo wanafunzi wengi hawalifanyi: umehesabu miguu.

Tuanze na wale wadogo, maana hao ndio rahisi. Hawa ni isopodi, jamaa wa kamba na kaa. Watoto wa kaa hutotolewa wakaenda kuelea baharini, ila isopodi hana tabia hiyo. Mama hubeba mayai kwenye mfuko chini ya kifua, na mtoto hutoka humo akiwa tayari na umbo la mzazi, isipokuwa jozi ya saba ya miguu haijaota. Itaota kadiri anavyojivua gamba. Basi fungu lako la tatu, karibu bila shaka, ni watoto. Mgeuze mmoja wa wenye mgongo laini chali: ukikuta tumbo limevimba na ndani yake kuna vijitu vya jozi 6, umeshapata jibu.

Wenye pembe na wasio na pembe wanataka kazi zaidi. Isopodi wa mawe ya pwani anayejikunja, mimi nitamfikiria kwanza kuwa wa familia Sphaeromatidae. Hakikisha hivi: pembeni mwa mkia kuna uropodi, kila moja ina matawi mawili. Kwenye familia hii tawi la ndani limeungana na bamba la mkia, halichezi hata ukilisukuma kwa sindano. La nje, kama lipo, linacheza. Na katika jenasi nyingi za familia hii, mwenye pembe, vinundu na mikato kwenye mkia ni dume aliyekomaa. Jike na dume mchanga ni laini, tena majike wa spishi mbili tofauti wanaweza kufanana hata mtaalamu akashindwa kuwatenganisha.

Kwa hiyo acha mgongo, tazama upande wa chini. Dume ana vijiti viwili vifupi kwenye pingili ya mwisho ya kifua, katikati ya miguu. Halafu chini ya mkia, kwenye jozi ya pili ya miguu ya kuogelea, ana kijiti chembamba kilichoota ukingo wa ndani. Urefu wa kijiti hicho, ncha yake na mahali kilipoanzia ni kati ya alama ambazo sisi tunaziamini kuliko pembe. Wenye pembe wote wakiwa madume na wenye mayai wote wakiwa laini, rudisha mafungu yako yote kwenye chupa moja.

Usidhani ni wewe peke yako. Paracerceis sculpta, ambaye asili yake ni pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kaskazini, ana madume wa aina tatu: wakubwa wenye mkia wa kutisha, wengine wanaofanana na majike, na wengine wadogo kama watoto, ambao hujipenyeza ndani ya sponji yenye majike bila dume mkubwa mwenye nyumba kushtuka. Familia ya Gnathiidae nayo, dume mwenye mataya makubwa na mtoto anayenyonya damu ya samaki waliwekwa kwenye jenasi mbili tofauti, mpaka karne ya 19 ilipogundulika kwamba mmoja hukua akawa mwingine.

Sasa, ni mpya? Neno lililonishtua kwenye barua yako ni “bandari”. Isopodi wengi wa pwani husafiri wakiwa wameshikilia uchafu ulioota chini ya meli. Huyo P. sculpta ameshaenea bandari nyingi za dunia, na Sphaeroma walkeri, aliyeelezwa mwaka 1905 kutoka Sri Lanka, vilevile. Kwa hiyo kulinganisha na spishi za Tanzania peke yake hakutoshi. Kidudu chako kinaweza kuwa na jina tangu enzi za babu zetu, kwenye jarida la Kifaransa au Kijerumani.

Kazi yenyewe iko hapo. Orodha ya isopodi wote wa dunia iko bure kwenye intaneti, ndani ya rejista ya viumbe vya baharini iitwayo WoRMS, na maandishi mengi ya zamani yako bure kwenye Biodiversity Heritage Library. Ukishaipata jenasi, chukua kila spishi yake na usome maelezo ya kwanza kabisa, yale ya mtu aliyeipa jina. Picha za kutafuta kwa simu hazisaidii. Nyingi zimeandikwa jina na mtu aliyebahatisha. Kwa bahari yetu ya Hindi utakutana sana na maandishi ya Barnard, Kensley na Bruce, wataalamu wa isopodi.

Tuseme umemaliza na hakuna anayelingana. Chagua dume mmoja aliyekomaa, mzima, miguu yote ipo: huyo ndiye holotaipu, anayebeba jina. Usimpasue, pasua mwenzake. Toa kila mguu na kila kipande cha mdomo cha upande mmoja, uweke kwenye tone la gliserini juu ya kioo, na tone la bluu ya methileni ili nywele zionekane. Uchore. Picha ya kamera haitoshi, kwa sababu kuchora kunakulazimisha kuamua kama nywele ni tatu au nne. Kabla ya hapo, jifunzie kwa ndugu zao wa nchi kavu, wale wa kijivu wanaoishi chini ya matofali yenye unyevu. Hapa Lubumbashi hawakosekani.

Chupa yako ina nini ndani? Kama ni formalini, sahau DNA. Ethanoli ya asilimia 95 ni nzuri kwa DNA lakini miguu inakuwa mikavu na kukatika, ndiyo maana tunaweka wengine kwenye asilimia 70 kwa kuchora. Karatasi ya mahali na tarehe ikae ndani ya chupa, iandikwe kwa penseli. Wino wa biki unayeyuka kwenye pombe, na kielelezo kisicho na mahali hakina kazi.

Kisha sheria. Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama inadai, tangu mwaka 2000, uandike wazi kwamba spishi ni mpya, utaje holotaipu na useme imehifadhiwa kwenye makumbusho gani. Andiko likitoka kwa kielektroniki tu, lisajiliwe ZooBank, rejista rasmi ya majina ya wanyama. Kwenye memwari yako ya chuo andika “spishi A”, jina lisionekane kabla ya kuchapishwa kwenye jarida.

Jina lenyewe ni uhuru wako. Niel Bruce alipoeleza isopodi wa matumbawe ya kisiwa cha Bawe, Zanzibar, mwaka 2004, alimwita Cirolana mercuryi, kwa heshima ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar. Kujiita mwenyewe hakukatazwi, ila wenzako watakucheka.

Linalonisumbua ni kibali. Kaka yako aliokota kwa nia njema, lakini vielelezo vilivyovuka mpaka bila ruhusa vitakukwamisha mbele ya wahariri, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inaipa Tanzania haki ya kuuliza. Tumia chupa hiyo kujifunzia. Kama dalili za upya zitabaki, andikia Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, mkusanye upya pamoja kwa kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, na holotaipu ibaki kwao.

Kwa sasa nitumie picha za dume mmoja na jike mmoja, wakiwa chali, na uropodi kwa karibu. Jenasi nitakuambia.