Tafuta mteja wa kuku kabla hujanunua kifaranga

Haipiti wiki mtu hajaniuliza, kaka nimepata mtaji nataka kufuga kuku wa nyama, nianzeje? Na mi nawauliza wote swali moja tu, utamuuzia nani? Akinijibu "kuku hawakosi soko" namwambia asinunue hata kifaranga kimoja kwanza.

Yalinikuta. Awamu ya kwanza niliingiza vifaranga 200, banda lipo nyuma ya nyumba huku Chanika, chanjo nimewapa zote, kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, usiku naamka kuangalia jiko la mkaa maana vifaranga wakipigwa na baridi wanalaliana wanakufa. Walikufa 9 tu. Wiki ya tano kuku wamekaa vizuri kabisa, ndo naanza kuulizia wateja. Kosa langu lilikuwa hapo.

Kuku wa nyama akishafika wiki ya tano anakula kama gramu 150 kwa siku, sasa piga hesabu kuku 191, ni karibu kilo 30 kila siku, yaani mfuko wa kilo 50 haumalizi siku mbili. Dalali anayekuja kukuchukulia mzigo wa kupeleka soko la kuku la Shekilango analijua hilo kuliko wewe, akikuta huna hela ya chakula anataja bei yake anasubiri. Nilikaa nao siku 10 zaidi nikitafuta bei, wakala kama mifuko sita, mwisho nikauza kwa bei ileile ya dalali. Iliniuma sana, ile hela ilikuwa ya mchezo, ule wa kupeana kwa zamu.

Awamu ya pili nikaanzia mtaani na daftari, wiki mbili nazunguka kwa wakaanga chips, mama lishe, baa, nauliza unachukua kuku wangapi kwa wiki, wa ukubwa gani, hai au wamechinjwa, unalipa keshi au mali kauli, yaani unachukua leo unalipa baadaye. Nikagundua wa chips wanataka kuku mdogo tu, wale wakubwa niliokuwa nawanenepesha ni wa wapishi wa harusi, na harusi haipo kila wiki. Sasa hivi naingiza 100 kila baada ya wiki mbili, kila umri na chumba chake, na zaidi ya nusu wana mwenyewe kabla hawajafika.

Mali kauli natoa, bila hivyo mama lishe wengi huwapati, ila mzigo wa pili hautoki kama wa kwanza haujalipwa, hata awe jirani.

Hela ya kuku inaingia kwenye laini yake ya simu peke yake. Natoa kwanza ya vifaranga na chakula cha awamu inayofuata, kinachobaki ndo changu. Kuku wa kula nyumbani nanunua kama mteja mwingine, mke wangu alininunia mwanzoni, siku hizi yeye ndo anashika daftari.

TIN, ile namba ya mlipakodi, kachukue mapema TRA, ni bure, usimpe mtu hela akufuatilie. Mi nilikosa oda ya hoteli kwa sababu walitaka risiti sina.

Kwa hiyo wewe mwenye mtaji mkononi, kesho jioni nenda kwa wakaanga chips watano wa karibu na kwako, uwaulize kuku wao wanatoa wapi na huwa wanawaishia siku gani.