Mtoeni, ila mkishajua nani atacheza mkiwa pungufu

Swali lenu la wiki hii linasema mchezaji wa hoki ya barafuni aliyemaliza mechi 20 bila goli anastahili kubaki kikosini au aondolewe. Nimelisoma nikakasirika, halafu nikajiuliza nimekasirikia nini maana ni swali halali kabisa. Nadhani ni hilo "bila goli". Kwani kila anayepanda kwenye barafu ametumwa kufunga?

Kaka yangu ndiye wa aina hiyo. Hatazami mechi, anatazama jedwali, goli ngapi, asisti ngapi, hukumu imetoka. Sasa timu ina laini nne za washambuliaji watatu watatu, wanapokezana kila baada ya sekunde 45 hivi, na laini ya nne unaikuta imecheza dakika nane au tisa kati ya 60, tena mara nyingi wanaingizwa kupumzisha mastaa au kugongana na watu kwenye kona, halafu eti tunawauliza magoli yako wapi.

Ngoja niwarudishe tarehe 5 Juni 2013, Boston Bruins na Pittsburgh Penguins, nusu fainali ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, mechi ya tatu. Pittsburgh ndio walioongoza ligi nzima kwa magoli msimu ule, wana mastaa wao Crosby na Malkin. Kipindi cha pili Boston wana mtu kwenye kibanda cha adhabu kwa hiyo wako wanne dhidi ya watano, na mmoja wa hao wanne ni Gregory Campbell, senta wa laini ya nne, mtu ambaye magoli yake ya msimu unayahesabu kwa vidole. Malkin akavuta shuti, Campbell akajitupa mbele yake, ile paki (kile kisahani kigumu wanachochezea) ikampata mguuni. Akaanguka. Akajaribu kuinuka, na hapo ukimwangalia tu unajua kuna kitu kimekatika, maana mguu wa kulia haukanyagiki, anajisukuma kwa ule mmoja huku anaegemea fimbo yake kama mzee na mkongojo. Na hawezi kutoka! Hoki haisimami ati kwa sababu mtu kaumia, timu yake isipopata paki mchezo unaendelea, na akijikokota kwenda benchi wanabaki watatu mpaka afike na mwenzake aingie. Kwa hiyo akabaki. Karibu dakika nzima, mfupa wa mguu umevunjika (baadaye ndio ikathibitishwa), bado ananyoosha fimbo kuziba njia ya pasi, bado anajiweka kati ya mpigaji na kipa wake. Nilikuwa nimesimama peke yangu sebuleni naiambia TV "toka, toka, toka". Adhabu ikaisha bila goli ndipo akajikokota kwenda benchi, na msimu wake ukaishia hapo.

Mechi ile iliingia muda wa nyongeza wa pili, Patrice Bergeron wa Boston akafunga, 2-1. Boston wakashinda zote nne, na Pittsburgh kwa mechi nne walipata magoli mawili tu, Crosby na Malkin hawakupata goli wala asisti hata moja. Sasa nenda kwenye jedwali la kaka utafute ile dakika ya Campbell. Haipo. Itaandikwa shuti moja limezuiwa, basi.

Hapa ndipo nilitaka kumalizia niseme mwacheni mchezaji wenu. Lakini nikiandika nimekumbuka mambo mawili yanayoniharibia hoja.

La kwanza ni huyo huyo Bergeron. Mechi ya mwisho ya fainali ya mwaka huo alicheza mbavu imevunjika na bega limeumia, na baada ya mechi ikagundulika pafu limetoboka. Huyu ni staa, anafunga, na tuzo ya Selke ya mshambuliaji bora wa kuzuia amekuja kuichukua mara sita. Kwa hiyo hii habari kwamba wa kazi chafu ni wa laini ya nne na mastaa wao ni wa kufunga tu, nimekuwa naisema miaka yote na si kweli sana.

La pili ni Dave Bolland. Fainali hiyo hiyo, mechi ya sita, Boston wanaongoza Chicago 2-1, imebaki dakika moja na kidogo. Bickell wa Chicago akasawazisha, sekunde 17 baadaye mwenzake Bolland akafunga la tatu, kombe likaenda Chicago. Bolland naye alikuwa mtu wa kazi za chini, mkabaji, si mfungaji wa kutegemewa. Mwaka 2014 timu ya Florida wakampa mkataba wa miaka 5, dola milioni 27.5, halafu majeraha yakammaliza hata mkataba haujafika mwisho. Sisemi walimlipa kwa sababu ya goli lile moja. Ila najua mimi ningemlipa, kwa akili hii hii niliyotumia kwa Campbell hapo juu, ya kuchukua dakika moja tamu na kuifanya ndio mchezaji mzima.

Basi jibu langu, nalitoa shingo upande: mechi 20 bila goli, mtoeni. Isipokuwa kama ndiye anayeingia timu ikiwa pungufu, au kocha akiwa anaongoza kwa bao moja mwishoni bado anamwita yeye, hapo msimguse. Na kama ni kinda mpeni mechi zingine kumi. Na kama mlinzi mmemhesabu humo, mfuteni, swali halimhusu.

Kaka nimemsomea hii. Kasema hata Campbell angekuwa mzima zile sekunde 17 zingetokea vilevile. Inawezekana. Nimemuuliza yeye angemweka nani kwenye barafu dakika ile, kaenda kuangalia jedwali.