Pasheni inachanua haizai? Usiue kwanza hayo madudu meusi

Mkuu, umeuliza mawili: pasheni yako ya njano inachanua mwaka wa pili sasa haizai, na madudu meusi yanayotoboa kenchi za banda uyapulizie dawa gani. Mimi niko Morogoro na yote mawili yalinikuta kwa mpigo. Hao madudu ni nyuki, tena ndio unaowahitaji kwenye pasheni.

Mimi niliwapulizia dawa kwenye matundu, nikaziba na saruji. Msimu uliofuata maua yakajaa mpaka majirani wakasifia, kisha yakadondoka yote. Na nyuki wa asali walikuwepo kila siku! Ikabidi nibebe kigoda, nikae chini ya kichanja saa saba mchana (ya njano hufunguka kuanzia mchana, ya zambarau ndiyo ya alfajiri). Kumbe nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile. Anapita chini, anakomba chavua, anaondoka, mgongo haujagusa vile vijiti vitatu vya kike vilivyoinama juu yake. Baadaye akaja mweusi mmoja aliyenusurika. Akatua katikati, akawa analizunguka ua huku akinyonya, mgongo unasugua kila kitu kilicho juu. Alipotoka alikuwa kama mchukuzi aliyepasukiwa na gunia la binzari.

Jike ni mweusi mwenye mikanda ya njano. Dume ana manyoya ya rangi ya njano-kijani, anakujia usoni kama anakudai, lakini hana mwiba. Mbao hawali, wanachonga tundu la kutagia, ndiyo maana unaona unga chini. Kenchi zipake rangi, halafu waning'inizie gogo kavu la mti laini karibu na kichanja, mahali pasiponyeshewa. Langu lilikaa miezi bila mgeni, nikakata tamaa, ndipo nikaona unga.

Na hujasema una miche mingapi. Pasheni ya njano haizai kwa chavua yake yenyewe, na vipandikizi vya shina moja huhesabika mche mmoja. Panda mingine ya mbegu. Kwa sasa omba ua kwa mwenye mche tofauti, upakaze chavua kwa mkono mchana huohuo.

Toka siku ile ya kigoda nimekuwa mlevi wa wadudu. Kwenye nyanyachungu kuna nyuki mwenye mistari ya buluu tumboni. Analikumbatia ua, anatetema, mlio unapanda ghafla, na chavua inamwagika kupitia vitundu vilivyo kwenye ncha za vifuko vyake. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Jioni nawakuta wamelala kwenye vijiti vikavu vya kivumbasi, wameuma kijiti kwa taya, miguu wameikunja, wananing'inia hivyo hadi asubuhi. Mke wangu akiniona na tochi ya simu saa mbili usiku nimeinamia majani anadhani nimeanza uganga. Kivumbasi chenyewe sikifyeki tena, nakiacha kichanue.

Dawa usinunue kwanza. Kesho saa saba kaa chini ya kichanja chako nusu saa, hesabu weusi wangapi wametua, urudi hapa utuambie.