Mrututu wa bibi na tungule za Konde

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa tungule hapa Konde. Mume wangu alinunua mrututu kilo moja tupulizie bakajani, ule ugonjwa wa ukungu wa majani. Uliobaki akautia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaiweka dirishani. Juzi mtoto wetu wa miaka mitatu aliiangusha, akachovya kidole na kulamba. Katapika mara mbili. Mama mkwe anasema nisihangaike, mrututu ni dawa, yeye anaupaka kwenye vidonda tangu ujana wake. Nambie Mwalimu, hiki kitu ni dawa au sumu?*
*Mama wa Konde, Pemba*

Marahaba mwanangu. Wasomaji wengine wajue kwamba sikungoja jarida litoke. Namba ya simu ilikuwa chini ya barua, nikapiga papo hapo. Mama akanambia mtoto keshampeleka hospitali, wamemlaza usiku mmoja kumwangalia, na sasa anakimbiza kuku uwanjani. Alhamdulillahi. Ningekukuta bado unabishana na mama mkwe ningekufokea, na umri wangu unaniruhusu.

Mrututu ni chumvi. Si ya kutia mchuzini, bali chumvi kwa maana ya wanakemia: salfeti ya shaba, iliyoshikana na maji ndani ya chembe zake, na ndiyo maana ni ya buluu. Robo ya uzito wake ni shaba. Viwandani wanautumia kupakia vyuma shaba, wakulima wanaua nao ukungu. Bibi zetu nao walikuwa nao ndani ya kijikopo, chini ya kitanda.

Mimi nimepakwa. Nilikuwa na miaka tisa, nina donda ndugu mguuni, bibi akasaga mrututu akaufinyilia kwenye nyama mbichi. Kelele zangu zilifika msikitini. Kovu ninalo mpaka leo, pana kama sarafu. Ni kweli unakula nyama iliyooza, lakini unakula na nzima pia, na shaba inapenya kwenye donda ikaingia kwenye damu. Donda likiwa kubwa na mpakaji akarudia kila siku, mtu anaweza kupata sumu bila ya kumeza hata chembe. Mama mkwe usimvunjie heshima, ila kijikopo kiondoe. Donda lisilopona lipelekwe kituo cha afya likaoshwe, na huenda likawa ni sukari.

Sasa kuhusu kumeza. Mrututu huchoma tumbo na kutapisha wenyewe, mpaka zamani madaktari waliutumia kuwatapisha waliokula sumu nyingine, kisha wakauacha kwa kuwa dawa ilikuwa mbaya kama ugonjwa. Matapishi huwa na rangi ya buluu au kijani, na kinywa huwa na ladha ya chuma. Usimtie mtoto kidole kooni, wala usipite nyumba kwa nyumba kuomba maziwa. Msukutue, mfute mikono, mchukue yeye pamoja na ile chupa, nenda hospitali.

Hata akichangamka, mwangalie siku chache zinazofuata. Macho yakiwa manjano au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, mrudishe mbio: shaba inapasua chembe nyekundu za damu na kuumiza ini na figo. Wapo watu ambao damu yao ina upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, kinachozilinda chembe hizo nyekundu, na katika nchi za malaria kama yetu wako si haba. Hao mrututu huwaumiza zaidi.

Hata hivyo kosa kubwa katika barua yako nililiona kwenye ile chupa. Chupa ya maji ya kunywa, ndani yake kitu cha buluu kinachong'aa kama peremende, dirishani! Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, bandika karatasi uandike MRUTUTU – SUMU, lifungie mbali na jikoni, juu, pakavu. Na mumeo anunue wa kutosha kazi moja tu.

Hukuniuliza habari ya kuchanganya, lakini kwa kuwa wakulima wengi wa tungule wanasoma ukurasa huu, acha niseme. Mchanganyiko wa mrututu na chokaa umetoka Bordeaux, Ufaransa. Wenye mizabibu ya kandokando ya njia walikuwa wakiipaka ili wapita njia wasiibe zabibu, mwizi akiona majani yamegeuka rangi aogope. Mtaalamu mmoja, Millardet, akagundua kwamba mizabibu ile ndiyo iliyosalimika na ukungu, na mwaka 1885 akautangaza mchanganyiko huo. Wenye maembe wa Pemba mnanielewa.

Gramu 100 za mrututu, gramu 100 za chokaa iliyokwisha kuzimwa, maji lita 10. Chokaa iliyotoka tanurini bila ya kuzimwa usiitumie, inachemka ikikutana na maji na kurukia machoni. Yeyusha mrututu kwenye ndoo yake, koroga chokaa kwenye ndoo nyengine na uichuje kwa kitambaa, kisha mimina mrututu ndani ya chokaa huku ukikoroga kwa mwiko wa mbao. Tumbukiza msumari safi. Ukitoka na rangi nyekundu, chokaa haijatosha na majani yataungua, ongeza. Tumia siku hiyo hiyo.

Ndoo ziwe za plastiki. Nilipokuwa mwalimu kijana nilichanganya kwenye ndoo ya bati ya skuli, nikaiacha usiku. Asubuhi chini ina vitundu na ndani imevaa shaba. Shaba ilikuwa imebadilishana nafasi na bati: ndoo imekwenda, dawa nayo imekwenda. Nililipa ndoo.

Vaa glavu, miwani na kitambaa cha pua, khasa wakati wa kupima, maana vumbi lake ndilo baya. Chembe ikiingia jichoni usifikiche kwa khanga. Mimina maji safi dakika 15 bila ya kuacha, kisha nenda ukaonwe. Usipulizie ukielekea upepo. Nguo za kazi zifue mbali na za watoto, tungule zioshwe, na mbuzi wasilishwe chini ya mistari uliyopulizia. Kondoo ndio kabisa, hao shaba huwaua kwa urahisi.

*Mwalimu, nilipasha moto mrututu kwenye kijiko ukawa mweupe. Umeharibika?*
*Mwanafunzi, Makunduchi*

Haukuharibika. Umefukuza maji yaliyomo. Tia tone la maji, utarudi buluu na kijiko kitapata moto. Lakini usiendelee kuuchoma mpaka ugeuke mweusi, hapo unatoa moshi unaochoma kifua. Na kijiko hicho kisirudi jikoni, mama yako asinilaumu.

*Tangi letu la lita 1,000 limeota ukijani. Jirani anasema tutie mrututu, kwani zamani uliua hata konokono wa kichocho.*
*Msomaji, Kinyasini, Unguja*

Jirani ana ukweli nusu. Mrututu ulitumika sana kuua konokono kwenye mifereji ya Misri na Sudan karne iliyopita. Lakini shaba hukamatwa na tope ikapungua nguvu, na samaki hufa kwa kiasi kidogo mno. Hapa Zanzibar, katika kazi ya kutokomeza kichocho miaka ya 2010, dawa ya konokono iliyotumika ilikuwa niklosamaidi. Nayo haina huruma na samaki, ila haiachi shaba.

Kwa tangi la kunywa, hesabu iko hivi. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 2 za shaba kwa lita. Lita 1,000 zinafikia ukomo huo kwa gramu 8 za mrututu, kijiko cha chai kimoja na kidogo. Nani kwenu atapima kwa mizani? Futeni tangi, sugueni kwa brashi, tieni klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, kisha lifunikeni lisipate jua. Ukijani unakula jua. Na kama mrututu umeshatiwa, yamwageni maji hayo kwenye ardhi kavu, mbali na kisima na mbali na mkondo unaokwenda bondeni kwenye mpunga.