Maswali ya Wasomaji: Goti la De Lima

Toleo lililopita tulimtaja Ronaldo Luís Nazário de Lima wa Brazil miongoni mwa washambuliaji ambao majeraha yaliwala miaka yao mizuri. Barua nyingi zilizofuata zinamhusu yeye, na nyingine zimetoka kwa wachezaji wa timu za mtaani wanaouguza magoti yao wenyewe.

Kwa nini goti lilelile lilimwachia mara mbili ndani ya miezi mitano? Nilidhani ni ile ACL inayowamaliza wachezaji wengi. (Msomaji, Morogoro)

Siyo hiyo. ACL ni ligamenti, ukanda unaounganisha mfupa na mfupa, iliyo ndani kabisa ya goti. De Lima aliumia kano ya pia ya goti, ule ukanda mgumu unaotoka ncha ya chini ya pia hadi kwenye kinundu cha mbele cha mfupa wa muundi. Kaa kitini, kunja goti, weka kidole chini kidogo ya pia: umeigusa. Msuli mkubwa wa mbele ya paja ukivuta, nguvu yake hupitia kwenye pia, ikaingia kwenye kano hii, ndipo mguu unyooke. Ukiruka, ukipiga shuti, au ukisimama ghafla ukiwa kasi, mzigo wote unaiangukia.

Na uchezaji wake ulikuwa huohuo wa kusimama ghafla: anakuja kwa kasi yote, anakanyaga breki mbele ya beki, anamtikisa kwa chenga ya mwili, anaondoka tena. Shida ya goti haikuanzia Italia. Alikuwa ameshafanyiwa upasuaji mwaka 1996 akiwa PSV ya Uholanzi. Tarehe 21 Novemba 1999, klabu yake ya Inter ya Italia ikicheza na Lecce, kano ya goti la kulia ilichanika bila kukatika yote. Akashonwa Paris na Profesa Gérard Saillant. Tarehe 12 Aprili 2000 akatokea benchi mjini Roma, mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Hakumaliza hata dakika kumi. Alipoanza kumchezea beki miguu ya kupishanisha juu ya mpira, goti likamkatalia bila kuguswa na mtu, akaanguka akilishika na kupiga kelele. Safari hiyo kano ilikatika kabisa.

Kano iliyoshonwa hufunga kabla haijawa imara. Nyuzi mpya huota zikiwa zimepangika ovyo, na huchukua miezi mingi kujipanga kufuata upande wa mvuto. Goti linaweza kukunjika vizuri, lisiume, lisivimbe, na bado likashindwa breki moja ya kasi kamili. Miezi minne na nusu, kwa mchezaji wa aina yake, tunaona ilikuwa michache mno. Mara ya pili alikaa nje karibu mwaka mmoja na nusu.

Mimi ni winga, miaka 24. Naumwa chini ya pia ya goti, hasa siku inayofuata mechi. Nikipasha moto maumivu yanapungua. Nipumzike kabisa? (Msomaji, Kahama)

Maelezo yako yanafanana sana na kano iliyochoka, maradhi ya wanaoruka na kukimbia sana. Mtu wa fiziotherapia akuone athibitishe. Kupumzika kabisa hutuliza maumivu, lakini kano nayo inalegea, na ukirudi uwanjani tatizo linaanza upya. Inahitaji mzigo, ila mzigo wa kupimwa.

Anza na mazoezi ya kukaza msuli bila kusogea. Egemeza mgongo ukutani, shuka kama unayekaa kitini lakini usifike chini kabisa, tulia hapo sekunde 45, pumzika dakika mbili. Rudia mara tano. Wengi hupata nafuu ya maumivu papo hapo, kwa hiyo yanafaa hata kabla ya mazoezi ya timu. Maumivu yakiwa madogo hata kwenye ngazi, ongeza kuchuchumaa kwa uzito: sekunde tatu kushuka, tatu kupanda, seti nne, siku tatu kwa wiki, ukianza na uzito unaoweza kuurudia mara 15 na kupanda polepole hadi ule unaouweza mara sita tu. Hesabu wiki 12, usikate tamaa ya nne. Kuruka na kukimbia kwa kasi kunakuja mwisho.

Kipimo chako kiwe asubuhi ya pili. Chuchumaa kwa mguu mmoja. Maumivu yakiwa yaleyale ya jana, endelea. Yakiwa yamepanda, jana ulizidisha, basi punguza. Wachezaji wengi hukosea hapa: wanasikiliza goti likiwa moto, wakati kano hujibu baada ya saa 24.

Na tafadhali, usikubali sindano ya steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe na maumivu) kwenye kano yenyewe ili uwahi fainali ya Jumapili. Inanyamazisha maumivu na inaweza kuidhoofisha kano hadi ikakatika. Ukisikia mlio wa kukatika, ukashindwa kuinua mguu ukiwa umenyooka, au ukaona pia imepanda juu kuliko ya goti jingine, usijaribu kutembea. Funga mguu ukiwa umenyooka, uende hospitali siku hiyohiyo. Kano iliyokatika kabisa hushonwa kwenye mfupa, na ikicheleweshwa wiki kadhaa msuli unakuwa umejivuta juu, kazi inakuwa ngumu zaidi.

Baada ya kushonwa, mtu anajuaje yuko tayari kucheza? (Kocha wa vijana, Kisumu)

Kalenda peke yake isikudanganye. Kwa kawaida mguu hukaa umenyooshwa ndani ya kifaa cha kuushikilia kwa wiki sita hivi, huku kukunja kukiongezwa kidogo kidogo, kisha miezi ya kurudisha msuli wa paja. Kurudi uwanjani ni kati ya miezi sita na mwaka. Mguu ulioumia ufikie walau asilimia 90 ya nguvu za mzima, na umbali wa kuruka kwa mguu mmoja uwe hivyohivyo. Akishavuka hapo, ndipo mazoezi ya timu, ya breki na kugeuka. Mechi baadaye, kwa dakika chache.

Kifafa cha fainali ya Kombe la Dunia 1998 kilitokana na goti? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Alipatwa na degedege hotelini mchana wa 12 Julai, jina lake likaondolewa kwenye orodha, kisha likarudishwa, akacheza dakika 90 Brazil ikifungwa 3-0 na Ufaransa. Kano haileti degedege.

Kaka yangu anasema De Lima wa baada ya 2000 alikuwa kivuli tu. Amua kati yetu. (Msomaji, Dar es Salaam)

Tunakupa wewe ushindi, ila si wote. Msimu wa 1996/97 akiwa Barcelona alifunga mabao 47 katika mechi 49, likiwemo lile dhidi ya Compostela alilolianzia katikati ya uwanja huku mabeki wakimvuta jezi. Yule wa kuburura watu mita 50 hakurudi.

Aliyerudi alikuwa wa aina nyingine: anangoja, anagusa mpira mara chache, anafunga kabla kipa hajakaa sawa. Kombe la Dunia 2002 alifunga mabao manane. Ni England pekee aliyocheza nayo bila kuifunga. Kabla ya nusu fainali gumzo lote lilikuwa juu ya mguu wake, akanyoa kichwa na kubakiza kishungi cha pembetatu juu ya paji. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alitaka waandishi waache kuuliza habari za jeraha. Waliacha. Akiwa Real Madrid akafunga mabao 104 katika mechi 177, matatu kati ya hayo Old Trafford usiku mmoja wa Aprili 2003. Kivuli hakifungi hivyo.

Ni kweli unene ndio uliomstaafisha? (Msomaji, Mombasa)

Ulichangia, lakini tunaanza na goti la kushoto: Februari 2008, akiwa Milan, kano ya upande huo nayo ilikatika, dhidi ya Livorno. Akarudi uwanjani akiwa na Corinthians ya Brazil na kushinda Kombe la Brazil 2009. Alipostaafu Februari 2011 alisema tezi yake ya thairoidi, iliyo shingoni, inafanya kazi chini ya kiwango, na kwamba dawa zake zingemtia kwenye kesi ya dopingi, yaani kutumia dawa zilizokatazwa michezoni. Hapo hatukubaliani naye: homoni ya kutibu tatizo hilo haimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku.

Aliwahi kushinda Ligi ya Mabingwa Ulaya? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Alihamia Madrid miezi michache baada ya wao kulitwaa kombe hilo mwaka 2002. Milan ilipolitwaa 2007 alikuwa mchezaji wao, lakini msimu huohuo alikuwa ameshacheza michuano hiyo akiwa Madrid, na kanuni za wakati huo hazikumruhusu kuichezea klabu nyingine.