Kurasa 2,000 hazijaindeksiwa na bidhaa zangu hazionekani Google, nifanyeje?

SWALI: Habari kaka. Nina duka la mtandaoni la mabegi, bidhaa kama 80 kwenye kategoria 12, na mteja anaweza kuchuja kwa rangi (zipo 8) na saizi (3) halafu akapanga orodha kwa namna 5. Nikiandika jina la duka Google linatokea la kwanza, ila nikitafuta begi lenyewe silioni hata ukurasa wa tano. Google Search Console (chombo cha Google cha wenye tovuti) inasema kurasa zaidi ya 2,000 hazijaindeksiwa, yaani Google haijaziweka kwenye indeksi, orodha yake ya kurasa inazoonyesha. Maelezo ya bidhaa nimeyatoa kwa msambazaji, maneno muhimu nimejaza kila sehemu na kuna mtu nimemlipa aniwekee linki za duka langu kwenye tovuti zingine. Nakosea wapi? Na je nianze blogu?

JIBU: Nzuri dada yangu, na asante kwa kuweka namba, maana bila namba ningekuwa napiga ramli tu.

Kwanza hiyo 2,000 isikukoseshe usingizi. Una bidhaa 80, sasa hizo kurasa zingine zimetoka wapi? Zimetoka kwenye filta. Mteja akibofya nyeusi, halafu kubwa, halafu akapanga kwa bei, anwani inageuka inakuwa kitu kama /mabegi?rangi=nyeusi&saizi=kubwa&panga=bei, na kwa Google hiyo ni anwani mpya kabisa hata kama ndani yake ni mabegi yaleyale sita. Piga hesabu: rangi 8 na ile hali ya kutochagua rangi inakuwa 9, saizi hivyohivyo zinakuwa 4, kupanga 5, kwa hiyo 9 mara 4 mara 5 ni 180, zidisha kwa kategoria 12 unapata 2,160. Ndo hizo zako. Google imezichungulia, ikaona zinafanana, ikaziacha, na imefanya vizuri tu kwa sababu hata sisi hatutaki ziingie.

Swali la maana ni je, zile 80 zimeingia? Tengeneza saitimapu, yaani faili la kuionyesha Google orodha ya kurasa zako, yenye anwani za bidhaa na kategoria peke yake, yaani 92 na ukurasa wa mwanzo (plagini nyingi za maduka, yaani programu za nyongeza, zinaitengeneza zenyewe, wewe hakikisha tu filta hazimo), iwasilishe kwenye Search Console, kisha kwenye ripoti ya kurasa chagua uonyeshwe zile ulizowasilisha tu. Hapo kelele za filta zinatoka unabaki na ukweli. Ukikuta bidhaa nyingi zina hali ya kwamba Google imezipitia lakini haijaziweka kwenye indeksi, basi shida sio ufundi, shida ni kilichoandikwa humo, na kwa maelezo yako mimi nahisi ndo utakachokuta.

Filta zenyewe zipe tagi ya canonical (alama kwenye kodi ya ukurasa inayoiambia Google ukurasa upi ndio wa kuuhesabu) inayoelekeza kwenye kategoria mama. Ipo tangu 2009 na karibu kila themu ya duka inaijua, ila Google inaichukulia kama pendekezo sio amri, kwa hiyo usishangae ikikataa moja moja. Na tafadhali usifanye kosa la kuweka noindex (alama ya kuiambia Google isiuweke ukurasa kwenye indeksi) kwenye filta halafu hapohapo ukazifunga kwenye robots.txt (faili linaloiambia Google isiingie wapi). Ukishazifunga Google haiingii, isipoingia haiioni hiyo noindex, na anwani inaweza ikabaki kwenye matokeo ikiwa tupu bila maelezo. Kwa duka la ukubwa wako canonical inatosha.

Sasa maelezo ya bidhaa, na hapa naomba unisikilize kweli maana ndo moyo wa jambo lote. Maneno ya msambazaji unayo wewe na wanayo wauzaji wengine wote wanaochukua mzigo kwake, pamoja na masoko makubwa. Google ikikuta maandishi yaleyale kwenye tovuti nyingi inachagua moja ya kuonyesha, na kwa nini ichague duka jipya iiache tovuti inayojulikana miaka na miaka? Haijakuadhibu, haina tu sababu ya kukuchagua.

Kwa hiyo mpe sababu mnunuzi kwanza, Google itafuata. Fungua meseji za wateja wako usome wanauliza nini kabla ya kununua. Laptop ya inchi 15.6 inaingia? Zipu inazuia maji? Mkanda unarefuka kiasi gani? Mfuko wa chupa uko nje au ndani? Majibu ya hayo hayapo kwenye maelezo ya msambazaji, utakuta ameandika "begi bora la kisasa linalofaa kwa matumizi yote" ambayo haimwambii mtu chochote. Chukua begi, lipime kwa tepu, weka laptop ndani upige picha, kisha kichwa cha ukurasa kiwe kitu kama "Begi la mgongoni la laptop inchi 15.6, lita 25, lisilopitisha maji, jeusi". Mtu anayeandika maneno marefu hivyo Google ameshaamua anachotaka, tofauti na anayeandika "begi" tupu, neno ambalo hutawashinda wakubwa hata ukeshe. Usianze na zote 80, utachoka ukiwa katikati. Anza na kumi zinazouzika.

Maneno muhimu uliyojaza kwenye ile tagi ya keywords, iliyofichwa kwenye kodi ya ukurasa, Google ilishasema 2009 kwamba haiyatumii, na yale uliyorudiarudia ndani ya maandishi yapunguze, yanamchosha msomaji na kurundika maneno hivyo ni kinyume cha sera zao. Linki za kulipia acha mara moja, nazo zinavunja sera. Ingia Search Console sehemu ya adhabu zinazotolewa na binadamu, kama hakuna kitu basi zisahau, usianze kuhangaika kuiambia Google izipuuze moja moja.

Picha: kama unapakia moja kwa moja kutoka kwenye simu zikiwa na MB 4, zibane, zigeuze WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Google inataka kitu kikubwa cha kwanza kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, na toleo inaloliangalia ni la simu. Na begi likiisha stoo usifute ukurasa wake kama mzigo utarudi, andika tu limeisha.

Blogu sio saa hivi. Ukimaliza zile kumi andika ukurasa mmoja wa namna ya kuchagua saizi ya begi kulingana na laptop, uweke linki kwenda kwenye bidhaa husika, huo utakusaidia kuliko makala ishirini za kujaza nafasi.

Ukishawasilisha saitimapu subiri wiki mbili tatu, halafu niandikie ni ngapi kati ya 80 zimeingia, na unitumie anwani ya mojawapo iliyokataliwa tuiangalie.