Fundi wa Roboti Anajibu: Roboti Yangu Haisimami

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina miaka 15 na nimeunda roboti ya magurudumu mawili yenye mota mbili na kigurudumu kidogo cha nyuma. Nataka iende mita moja mbele, isimame. Mwanzo niliiwekea sekunde 4. Betri ikiwa imejaa ilifika vizuri, lakini baada ya kuichezea sana ikawa inaishia njiani. Nikahamia kwenye kihisi cha mzunguko kilichomo ndani ya mota. Gurudumu lina kipenyo cha milimita 56, nikapiga hesabu nikapata nyuzi 2046. Nikaandika: washa mota, rudia mpaka kihisi kisome 2046, zima mota. Sasa haisimami kabisa, inakwenda mpaka inagonga ukuta. Hesabu nimeirudia mara tatu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako iko sawa. Milimita 56 mara pai ni kama 176, mita moja ukiigawa kwa hizo unapata mizunguko 5 na kidogo zaidi ya nusu, na kila mzunguko una nyuzi 360. Tena umefanya vema kuachana na sekunde, kwa sababu betri ikishuka mota hupunguza kasi, na sekunde 4 za asubuhi hazitakupeleka kule kule jioni.

Tatizo liko kwenye neno moja: "kisome". Umekitaka kihisi kisome 2046 kamili. Lakini kitanzi, yaani ile sehemu ya programu inayorudiwa, hakikitazami kihisi muda wote. Kinatazama, kinauliza kama sharti limetimia, kinarudi juu, kinatazama tena. Kati ya kutazama mara moja na mara ya pili, gurudumu halikusubiri.

Nakuambia hivi kwa kuwa nimeliona kwa macho yangu. Roboti yangu ya mwanzo ilikuwa na ugonjwa huo huo, na nilipoteza siku mbili nzima nikifungua na kufunga gia nikidhani mota ni mbovu. Mwishowe nikaiagiza programu iandike kila inachosoma kwenye skrini. Mota ilikuwa ikienda nyuzi 500 kwa sekunde, na kitanzi kikizunguka mara moja kila milisekunde 10 hivi. Nikaona: 2038, 2043, 2048, 2053. Ile 2046 haikutokea hata mara moja. Programu ilikuwa ikiuliza "ni 2046?", ikijibiwa "hapana", nayo inaendelea kwa utii mpaka ukutani.

Kwa hiyo badilisha swali. Usiulize kama roboti iko pale pale; uliza kama bado haijafika. Andika hivi:

Rudisha kihisi kwenye 0.
Washa mota.
Maadamu kihisi kinasoma chini ya 2046, rudia.
Zima mota kwa breki.

Ikisoma 2043 inaendelea, ikisoma 2048 inatoka kwenye kitanzi. Zile nyuzi 2 za ziada ni milimita moja tu ya sakafu.

Ule mstari wa kwanza usiuruke, nakusihi. Barua nyingi ninazopata zinasema roboti ilikwenda vizuri mara ya kwanza, mara ya pili ikakataa kuondoka. Haijakataa. Kihisi bado kina 2048 za safari iliyopita, sharti limeshavunjika kabla gurudumu halijagusa kazi.

Siku utakapoirudisha nyuma, jihadhari na jambo jingine. Mota ikizunguka kinyume, kihisi huhesabu kwenda chini ya sifuri: -1, -6, -11. Namba hizo zote ni ndogo kuliko 2046, na zitabaki ndogo hata ukiiacha usiku kucha. Ondoa alama ya kutoa kabla ya kulinganisha, au sharti liseme "maadamu kihisi kinasoma zaidi ya -2046".

Na usitie amri ya kusubiri ndani ya kitanzi. Naona watu wakiweka sehemu ya kumi ya sekunde "ili programu ipumue". Kwa kasi ile ya nyuzi 500, katika muda huo gurudumu limeshageuka nyuzi 50, yaani sentimita mbili na nusu hivi umezipita ukiwa umefumba macho.

Ukiona bado inapitiliza, huo sasa ni uzito wa roboti yenyewe unaosukuma baada ya mota kuzimwa. Tumia vitanzi viwili: cha kwanza kwa kasi mpaka 1700, cha pili polepole mpaka 2046. Mimi hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, maana roboti inasimama kwa adabu, haiserereki. Ikiserereka, kihisi hakina habari. Kiko ndani ya mota, kinajua gurudumu limegeuka kiasi gani, sakafu hakiioni. Kwenye sakafu yenye vumbi, futa matairi kabla ya kuilaumu programu.

SWALI: Hongera kwa safu hii, Fundi. Mwanangu anataka roboti yake igeuke kona ya pembe mraba, gurudumu moja likienda mbele na jingine nyuma. Ameandika nyuzi 90, lakini inageuka chini ya nusu ya kona. Magurudumu ni ya milimita 56, na kutoka moja hadi jingine ni milimita 120.

JIBU: Asante sana, mzazi mwenzangu. Kijana ameligeuza gurudumu nyuzi 90, lakini mwili wa roboti una duara lake, pana kuliko la gurudumu. Kwa vipimo hivyo mwili umegeuka nyuzi 42 tu. Azidishe 90 kwa 120, agawe kwa 56: atapata kama 193. Hiyo ndiyo iingie kwenye sharti la kitanzi, kwa kila gurudumu. Ule umbali wa 120 aupime kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jingine. Ukingoni asipime, atadanganyika.

Kisha asiijaribu kwa kona moja, jicho haliwezi kuona kosa dogo. Abandike utepe sakafuni, aipange roboti sambamba nao, aiamuru igeuke kona nne mfululizo. Ikibaki nyuzi 12 kurudi ilipokuwa ikitazama, kila kona imepungukiwa nyuzi 3, basi aongeze kama nyuzi 6 kwenye ile 193 na ajaribu tena.